Wiski Isiyozimuliwa

Mpima macho aliingiza pua kwenye bilauri, akaacha mdomo wazi kidogo kama alivyofundishwa, akavuta pumzi. Moto usioonekana ukampanda hadi utosini. Machozi yakamlenga. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni.

"Vanila," alisema. "Na mbao ya mwaloni iliyochomwa."

Ukweli ni kwamba maishani mwake hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko soda ya tangawizi. Lakini mwenye kutaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye alitaka mke.

Mbele yake alikaa baba wa mchumba wake, mhandisi mstaafu wa mitambo ya maji, pamoja na mkewe. Mchumba mwenyewe, mchora ramani za nyumba, alikaa pembeni, mikono mapajani, ametulia kama maji ya mtungi.

Uchumba ulikuwa umeshaanza kuota ndevu. Kila ndoa ilipotajwa, bibie kazi zilikuwa zimemwandama. Si kwamba mpima macho alikuwa na kasoro. Hapo ndipo penye ajabu: hakuwa nayo hata moja. Alilala mapema. Alikunja soksi zake. Akisimulia jambo, alianzia mwanzo kabisa, kisha akalirudia, watu wasije wakapitwa. Mashangazi walimsifu hadi wakakaukiwa mate, na mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshachagua kitambaa cha harusi kabla hajamtia machoni. Mwanamume wa namna hiyo, msichana amkatae aseme nini?

Kwa hiyo alifurahi kupita kiasi mchumba alipomwambia, kwa hiari yake mwenyewe, kuwa wakati wa kwenda kwa wazazi umefika. Kulikuwa na jambo moja tu. Baba alikuwa mpenzi wa wiski. Si hizi za kila mtu, bali ile ya mahindi waiitayo bourbon, tena ile inayotoka kwenye pipa na kuingia chupani bila kuzimuliwa hata kwa tone la maji. Asiyeijua, kwa Baba, hakuwa mtu kamili.

Chupa aliichagua mchumba. Maneno alimfundisha yeye, jioni baada ya jioni, wakijizoeza kwa chai ya rangi, kwa subira ambayo mpima macho hakuwahi kuiona kwake. Harufu kwanza. Kisha funda dogo, liuzoeze ulimi. Kisha anyamaze kidogo, kama anayesikiliza. Na zaidi ya yote, asionekane mgeni wa kinywaji. Akiulizwa anakunywa lini, ajibu kila jioni.

Hayo ndiyo mapenzi, mpima macho alijiambia.

Sasa alichukua funda la kwanza. Asilimia sitini na tatu, ilisema chupa bila haya. Moto uliteremka kooni, ukapiga kambi kifuani, ukatuma wajumbe masikioni. Alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza. Kwa kweli alikuwa akisubiri kujua kama bado anapumua.

Mzee alimtazama kwa makini. Bilauri yake mwenyewe ilikuwa bado imejaa. Ilikuwa bilauri ya maji ya matunda, kwa kuwa nyumba hiyo, kwa unyenyekevu wake, haikuwa na za wiski. Mpima macho alielewa mara moja: wajuzi hawana papara.

Mzee alitaka kujua ameanza lini. Tangu ujana, akajibiwa, kwa sauti ya mtu anayezuia majivuno. Mzee akauliza kama huwa anaongeza maji. Mpima macho alicheka kwa huruma, akaeleza kuwa maji ni ya wasio na kifua. Mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwapelekea watu maji, alitikisa kichwa taratibu.

"Na unakunywa mara ngapi, kijana wangu?"

"Kila jioni, Mzee. Siku ikiwa ngumu, na asubuhi kidogo."

Hiyo ya asubuhi aliiongeza mwenyewe. Mchumba aliinua macho, akamtazama kwa kitu kilichofanana sana na shukrani.

Kisha, katikati ya uongo wote ule, jambo la kweli likatokea. Funda la tatu halikuunguza. Nyuma ya moto aliikuta vanila, yenyewe hasa, halafu sukari iliyoungua, halafu mdalasini, halafu harufu ya kabati la bibi yake lililofunguliwa baada ya siku nyingi. Maneno ya kukariri yalimtoka kichwani. Akaanza kusema ya kwake, macho yamefumbwa, kuhusu kabati, kuhusu bibi, kuhusu utamu unaogoma kuaga. Alisimulia tangu mwanzo, kisha akarudia. Akajimiminia tena bila kukaribishwa.

Mama mkwe aliinuka, akatoka sebuleni, leso machoni. Mpima macho aliguswa. Hakujua kuwa anaweza kuongea vizuri kiasi hicho.

Mzee aliichukua chupa, akairudishia kizibo chake, akaisogeza hadi mbele ya mgeni.

"Mdogo wangu wa mwisho tulimzika kwa sababu ya hii," alisema. "Tangu siku ile haijaingia nyumba hii. Nashukuru umejionyesha mapema. Chukua chupa yako, kijana, uende salama."

Mpima macho alimgeukia mchumba wake.

"Ninachoshangaa," mzee aliendelea, naye akimtazama binti yake, "ni kwamba hukumwambia."

Binti aliinamisha kichwa.

"Nilimwambia, Baba," alisema kwa upole. "Miaka yote hii namsihi aache."