Spika Iliyokufa Kwenye Kona

Gari la matangazo la diwani lilinyamaza ghafla lilipofika kona ya mtaa wao. Fundi cherehani akaondoa mguu kwenye pedali, akatega sikio.

Tangu sokoni lilikuwa likinguruma habari za mkutano wa barabara mpya. Sasa lilipita polepole, kimya, kama mwizi wa kuku.

Akatoka na futi yake shingoni, akasimama mbele ya bampa. Dereva alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, mbona umemeza ulimi?"

"Spika imekufa. Si unajua vitu vya mtumba."

"Imekufia hapa kwetu tu? Sasa hivi ilikuwa inatutoboa masikio."

Shemeji alikitazama chumba cha fundi cha kushonea, ukuta hadi paa, kama mtu anayeaga maiti.

Hapo fundi akashtuka. Akaingiza mkono dirishani, akaichukua maikrofoni mapajani mwa shemeji. Kitufe chake kilikuwa kimelowa jasho. Akakiwekea dole gumba bila kukibonyeza, akainamisha uso karibu.

"Mimi ni dada wa mkeo," akasema taratibu. "Ninong'oneze mimi tu."

Shemeji akatazama nyuma, kisha akainama; fundi akabonyeza kitufe.

"Barabara inapita hapa. Mtabomolewa. Mkutano ni leo saa tisa, na diwani kasema mtaa huu usisikie, maana mtapinga."

Mnong'ono wake ukamrudia kutoka kwenye spika juu ya gari, mkubwa kuliko yeye.

Fundi hakuondoa dole gumba. Mlango wa kwanza wa mtaa ukafunguka.