Mlango wa Maji

Maji ya Mto Mulongwe yalikuwa yamefika kizingitini, na mama alikuwa akiyazuia kwa mifuko ya mchanga. Uwituze, mwanafunzi wa chuo ambaye majirani wote walimwendea kwa ushauri, alisimama mbele ya ukuta wa nyuma, nyundo mkononi.

"Weye, unataka kubomoa nyumba ya baba yako?"

"Mama, maji ikiingia ikose pa kutokea, itaangusha ukuta yote. Tuipatie njia."

"Ndiyo mambo wanakufundisha kule?"

"Ndiyo, mama."

Akapiga. Tofali moja la udongo likaangukia nje, na mwanga ukaingia.

Mama alilitazama tundu lile. Kisha akauacha mfuko wa mchanga, akachukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo.

"Sogea. Hiyo ni mulango ya panya."