Benchi la Bwana Thornley

Maji yaligonga gurudumu, msumeno ukashuka, na gogo la kwanza likaanza kulia. Kijiji kizima kikapiga kelele. Kofia zikaruka.

Keziah hakurusha kitu. Alikoroga chungu chake cha maharagwe, jicho moja likiwa kwa Bwana Thornley, mwenye ardhi. Alikumbuka kila jiwe la bwawa lililosukuma gurudumu lile. Miaka miwili yeye, mumewe Asahel na majirani walisomba mawe kwa maksai, wakasimama kwenye maji ya barafu hadi kiunoni, mpaka mto wa Vermont ukasalimu amri. Miaka miwili hiyo Thornley alikuwa Boston, anakunywa chai.

Leo amekuja na mpima ardhi kuchukua kinu hiki cha kupasulia mbao. Kila mbao mbili, moja yake. Na watoto wa Keziah bado wanalala kwenye sakafu ya udongo.

"Mbona mmechangamka hivi?" Thornley aliuliza, kwa wasiwasi kidogo.

"Kazi imekwisha, mheshimiwa," Asahel akasema. "Na mwaloni wako ndio huo unapasuliwa. Ule wa kwenye kona ya mto, ulionionyesha kwa fimbo, ukiwa juu ya farasi. Nilikuuliza mara tatu."

"Na mara tatu nikakwambia kata, kichwa maji we! Mti mnene kuliko yote, kipande cha kwanza kiwe changu."

"Nikakata. Kisiki chake sasa kiko chini ya maji ya bwawa, samaki wanakizunguka."

"Safi sana."

Banzi la kwanza likaanguka, upande mmoja laini, upande wa pili gome tupu. Asahel akalitoboa matundu manne, akapachika miguu, akaligeuza upesi, gome likatazama chini.

"Benchi lako, mheshimiwa. Karibu ukae."

Thornley akakaa, akajinyoosha. Keziah akampa bakuli la maharagwe na nyama ya nguruwe, na kikombe cha ramu juu. Alikula kama mtu aliyeshinda shambani.

"Haya," akamwambia mpima ardhi, akijifuta mdomo. "Wasomee, wasije wakasema hawakuambiwa."

Mpima ardhi akakunjua karatasi. "'Ardhi ya Thornley, pamoja na chochote kitakachojengwa juu yake, itapimwa kuanzia mwaloni wenye herufi T iliyochongwa kwenye gome, wala si kuanzia alama nyingine yoyote.'"

Akashika mnyororo wake wa kupimia, akatazama huku, akatazama kule.

"Nionyesheni huo mwaloni."

Asahel akaangalia viatu vyake, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Mwombe mheshimiwa ainuke kidogo," alisema Keziah, akichota maharagwe mengine. "Ameukalia."