Jiwe la Mizani ya Kanga

Zamani, ndege walipokuwa wakipimwa kabla ya kuruka, mwenye mizani alikuwa Kanga. Jiwe lake la kupimia lilikuwa na uzito sawa na wa Kanga mwenyewe, na aliyelizidi hakuruhusiwa kuruka. Siku moja akaja Mwari wa ziwani, mdomo umejaa samaki wa makinda yake huko ng'ambo.

"Umezidi, mama. Utaanguka."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nikila punje moja zaidi, siruki."

"Hayo ni yako, mwanangu. Wanangu wana njaa."

Mwari akapiga mbio juu ya maji, akanyanyuka, kivuli chake kikamfunika Kanga pamoja na mizani. Kanga akamtazama hadi shingo ikamuuma.

Kesho yake akachagua jiwe jipya, zito kama Mwari. Likamshinda kulinyanyua, akakaa kumngoja Mwari aje amsaidie.