Kumi ya Muuza Rangi

"Kumi kwa mia, mama. Nimekuletea fundi, nina changu hapo. Siachi."

Muuza rangi alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya kaunta, anafuta mikono kwa kitambaa kinachonuka tapentaini. Mama Mikate alizitazama kucha zake zilizojaa njano, akaona kinyaa. Mtu mzima na ndevu zake, kunawa tu kunamshinda!

Duka lake la mikate lilikuwa na mwaka wa kumi, na sasa anafungua la pili. Mwaka jana huyo fundi asiyeonekana alimchorea bango, na lilikuwa bango kweli: herufi nene za njano, zimevimba kama zimetoka tanurini sasa hivi. Hata walioshiba walisimama kulisoma. Lakini fundi mwenyewe hakumtia machoni hata siku moja. Aliyekuja kupima ukuta ni muuza rangi. Aliyeleta bango begani ni muuza rangi. Na muuza rangi alipolala na homa, bango nalo likachelewa wiki nzima.

"Kwani huyo fundi hana miguu?"

"Hapendi watu."

"Na simu?"

"Hana."

"Hata simu! Wewe umemfunga kamba mwenzio, si bure."

Muuza rangi akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akapokea malipo ya bango la pili, na pale pale, bila haya, kwenye kila noti kumi akachomoa moja akaitia mfuko wa shati. Zilizobaki akazitia kwenye bahasha, akaomba kalamu, akaandika juu yake jina la duka, akalamba gundi na kuifunga.

"Hii inafika leo hii," alisema.

Damu ilimchemka Mama Mikate. Marehemu baba yake alikuwa seremala, na maisha yake yote vitanda vyake viliuzwa na mtu aliyekaa kivulini akisema "changu, changu". Mzee yule alifia kwenye mkeka. Basi Mama Mikate akajiapiza kwamba safari hii atamtafuta fundi mwenyewe amwambie uso kwa uso: njoo kwangu moja kwa moja, hiyo kumi ule na wanao.

Akavua aproni, akamwachia duka dada wa kaunta, akamfuata muuza rangi kwa mbali. Jua lilikuwa kali na viatu vilimbana, lakini hasira haina miguu ya kuuma. Walipita karakana ya pikipiki, wakapita kiwanda cha magodoro, wakaingia uchochoro wa nyumba za kupanga. Muuza rangi akasimama kwenye mlango wa buluu. Hakubisha. Aliisukuma bahasha chini ya mlango, akakaa kidogo ameinamisha kichwa, kisha akaenda zake.

Mama Mikate alingoja apotee kwenye kona, ndipo akabisha.

Alifungua mwanamke mwembamba, sindano mdomoni, mkononi gauni la shule analolishusha upindo. Bahasha ilikuwa bado sakafuni, karibu na miguu yake.

"Fundi yupo?"

Mwanamke akatoa sindano mdomoni. "Ala! Dada, kumbe hukusikia? Karibu ndani, haya si ya kusemea mlangoni."

Kilikuwa chumba kimoja, safi, pazia limetenga kitanda na meza. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume anayecheka, brashi nyuma ya sikio.

"Huu mwaka wa tatu yuko kaburini," mwanamke alisema. "Alianguka ngazini, anaandika ukuta wa ghorofa. Aliyeshika ngazi ni rafiki yake. Walikuwa wanachora pamoja, chanda na pete. Akageuka mara moja tu, kuchukua kopo la rangi." Akavuta uzi. "Tangu siku ile hajagusa brashi tena, ndivyo wanavyosema. Siku hizi anauza rangi. Alikuja hapa na pesa zake, nikamfukuza. Wanangu hawali pesa ya mtu aliyeachia ngazi. Nikamfungia mlango huu, na mpaka leo sijamfungulia."

"Sasa mnaishije?" Mama Mikate aliuliza.

"Kwa jasho la marehemu. Kumbe mume wangu alikuwa anawadai watu wengi hivyo, na mimi mkewe sijui! Huyo rafiki yake ndiye anayezunguka kuwadai, anatupitishia chini ya mlango. Hilo nimemkubalia, maana ni haki ya wanangu. Na wanalipa, dada yangu. Pole pole, ila wanalipa."

Akainama, akaiokota bahasha, akasoma kilichoandikwa. Akasonya.

"Leo ni mwenye duka la mikate. Miaka mitatu anakalia haki ya yatima, na usiku analala usingizi! Watu wengine hawana haya."

Mama Mikate aliitazama bahasha mkononi mwa yule mwanamke. Pale ilipogundishwa, kidole gumba kilikuwa kimeacha alama ya njano.

"Ndiye mimi," alisema. "Nimekuja kuomba radhi kwa kuchelewa."