Marahaba ya Mheshimiwa

Jaji Bwanausi, katikati ya msafara wa wakubwa, alikuwa akipeana mikono na safu ya watu waliokuja kumpokea kwenye uwanja wa michezo wa Dunda. Kila mmoja alimwamkia, naye akajibu kwa mnong'ono, bila kuangalia, kama alivyozoea tangu alipokuwa jaji wa mahakama ya kimataifa, kisha balozi.

Mkono uliofuata ulikuwa mkavu, na kidole chake cha shahada hakikuwa na ncha.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba."

Neno lilishamtoka ndipo alipokitambua kile kidole. Mwalimu wake wa mbio alikuwa akimwonyeshea nacho mstari wa kumalizia, hapa hapa, enzi zile yeye Bwanausi akikimbia pekupeku.

Aliinua uso. Mzee alikuwa amepita miaka themanini, na macho yote mawili yameingia ukungu mweupe.

Jaji alitaka kumwamkia, akajizuia. Akimwamkia sasa, mzee ataijua sauti, na atajua ni nani aliyeipokea shikamoo yake.

Mzee aliuachia mkono wake, akamgeukia binti yake.

"Wakishapita hawa wakubwa, niambie Bwanausi akifika," alisema kwa furaha. "Yule, hata awe nani, ataniamkia yeye kwanza."