Bomba na Nyasi

Zaituni alikuwa juu ya kigoda, akigongomea msumari wa mwisho wa kofia ya bati ya kunasa moshi juu ya mafiga. Aliikata mwenyewe kutoka kwenye pipa kuukuu, pamoja na bomba lake la kupitisha moshi paani, baada ya moshi kumfifisha macho hata asiweze kutunga sindano.

Mumewe alisimama mlangoni na kaka zake wawili, wakicheka.

"Mama watoto, moshi inalinda paa na wadudu, we unaifukuza? Bon, haya, washa tuone. Isipowaka leo, hiyo kofia naitupa ziwani."

Zaituni alipapasa kati ya bomba na nyasi za paa. Katika hoteli alikowahi kuosha vyombo, mpishi alimwonyesha kwamba hapo lazima kipite kiganja kilichopanuliwa. Hapa hakikupita hata kidole.

Akiwasha, watanyamaza. Na nyasi zitashika moto.

Aliteremka, akazimwagia maji kuni alizokwisha kuzipanga.

"Haitawaka leo. Kesho napanua tundu la paa."

"Na chakula?"

"Iko ndizi mbivu."

"Nimesema naitupa!"

Zaituni alisogeza kigoda chini ya kofia, akaketi, nyundo mapajani.

"Njoo uichukue."